Bomba Hili Limesainiwa na Nani?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tunaifahamu Korogwe kwa dakika 20 tu. Basi linalotoka Arusha au Moshi kwenda Dar es Salaam linasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu, wananunua chakula na chupa ya maji, dereva anapiga honi, safari inaendelea. Wachache sana hugeuza shingo kuutazama mto Pangani unaopita pale pale. Na wachache zaidi wanajua kwamba maji ya mto huo yamekuwa yakisukumwa kwa miongo kadhaa kupanda Handeni, ili watu wa huko nao wapate cha kunywa.

Mimi nilikuwa mmoja wa abiria hao mpaka majuzi, nilipokwenda Old Korogwe kuzika. Mnajua misiba yetu ilivyo. Maziko yakiisha, wanawake hubaki ndani na uani, wanaume hukaa nje kwenye mikeka na viti vya kuazima. Huko huzungumzwa mambo yote ya dunia, kuanzia bei ya mahindi mpaka siasa za Ulaya. Nilijikuta nimekaa karibu na mzee mmoja, mhandisi wa maji aliyestaafu. Aliniomba nisilitaje jina lake, nami nimemkubalia. Pale mtaani wanamwita Mzee wa Maji, nami nitamwita hivyo hivyo.

Pembeni yake alikaa mpwa wake, kijana aliyehitimu shahada ya uhandisi ujenzi na sasa yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Kijana alikuwa na dukuduku lake, na kwa kuwa hapo palikuwa na wazee aliona ni mahali pazuri pa kulitoa.

“Mjomba,” alisema, “nimesoma miaka minne chuo kikuu, nimefaulu. Sasa naambiwa nifuatane na watu miaka mitatu mingine, niandike ripoti, nihojiwe, ndipo nisajiliwe niwe mhandisi kamili. Daktari wa mitishamba mbona hasajiliwi kwa taabu hii? Hii namba ina faida gani zaidi ya kulipia ada kila mwaka?”

Wazee walicheka. Mzee wa Maji hakucheka. Alisubiri chai ifike, akanywa funda moja, kisha akamuuliza mpwa wake swali ambalo halikuhusu usajili hata kidogo.

“Mto uko huku chini. Handeni iko wapi?”

“Iko juu kule, mjomba. Kilomita 65 kwa barabara.”

“Nani anayeyapandisha maji mpaka kule?”

“Pampu.”

“Pampu inasukuma tu. Anayeyapandisha ni yule aliyepiga hesabu.”

Ndugu msikilizaji, naomba unipe nafasi nikueleze hesabu yenyewe, kwa sababu mzee alitueleza kwa lugha ambayo hata sisi tusiokuwa na elimu ya uhandisi tuliielewa. Alisema hivi: tazama ukucha wa kidole chako. Kila mita 10 unazoyapandisha maji ndani ya bomba, bomba la chini linabebeshwa kilo moja zaidi kwenye eneo dogo kama ukucha huo. Mita 100 ni kilo 10. Handeni iko juu kuliko Korogwe kwa zaidi ya mita 300. Ukitaka kuyapandisha maji mita 300 kwa mkupuo mmoja, bomba la chini litabeba kilo 30 kwenye kila ukucha, kuanzia mwanzo wa mwaka mpaka mwisho, mchana na usiku. Ndiyo maana mabomba hayafanani ingawa kwa macho yanafanana. Kuna bomba la kubeba kilo sita, kuna la kilo 10, kuna la kilo 16, na kuna la chuma linalobeba zaidi ya hapo. Na umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda hugeuka na kurudi kwa kishindo. Wenyewe wanakiita nyundo ya maji. Aliyechora bila kuifikiria nyundo hiyo amechora bomba la kupasuka.

Sasa kwa nini watu walihangaika kuyapandisha maji kule? Wasikilizaji wa Handeni hawahitaji kuelezwa. Nchi ya Uzigua ina ardhi nzuri, lakini mvua zake hazitabiriki, na mito inayotiririka mwaka mzima ni michache. Ukame na njaa vimeandikwa katika historia ya watu wake. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwafanya Wazigua wengi waondoke pwani wakiwa utumwani au kwa kudanganywa kwamba watapata chakula, wakaishia Somalia kwenye bonde la mto Juba. Vizazi vyao vilidumu na lugha yao huko. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na makazi waliyopewa yako Chogo, huko huko wilayani Handeni. Babu zao waliondoka kwa njaa ya ukame, na wajukuu wakarudi mahali pale pale ambapo ndoo ya maji bado ni suala la kufa na kupona.

Mradi mkubwa wa maji wa Handeni, unaojulikana kwa herufi tatu za HTM, ulijengwa katika miaka ya 1970. Ulikuwa wakati wa matumaini makubwa. Mwaka 1971 Serikali ilikuwa imetangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake ifikapo mwaka 1991. Fedha na mashine za kutekeleza mpango huo zilitoka kwa wahisani wengi, na michoro mingi ilitoka kwa wageni pia. Watanzania wenye shahada ya uhandisi walikuwa wachache. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 tu. Kabla ya hapo aliyetaka kuwa mhandisi ilimbidi aende nje ya nchi.

Mzee wa Maji alihitimu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Aliajiriwa, akapelekwa mkoani, na siku ya kwanza kazini hakukabidhiwa ofisi wala mchoro. Alikabidhiwa kwa fundi sanifu mmoja mtu mzima, akaambiwa, “Huyu atakufundisha.” Mwaka mzima alitembea na fundi huyo kukagua bomba kwa miguu. Alifundishwa kusikiliza bomba kwa kuweka sikio kwenye chuma usiku, kutambua mahali maji yanapovujia ardhini kwa kuangalia majani yaliyo mabichi wakati wa kiangazi, na kufungua koki kubwa polepole ili bomba lisishtuke. “Shahada yangu ilijua kwa nini bomba hupasuka,” alisema. “Yule mzee alijua litapasukia wapi.”

Hapo kijana akadakia. “Sasa si ndivyo ninavyosema, mjomba? Kumbe ujuzi uko kwenye kazi. Namba ya nini?”

Mzee akasema, “Subiri. Nakuja.”

Akatusimulia kisa kilichomtokea miaka michache kabla ya kustaafu, katika wilaya moja mbali na Tanga. Wilaya hakuitaja, na mimi sikumlazimisha. Kulikuwa na mradi wa maji wa kijiji. Chanzo kilikuwa chemchemi mlimani, tangi likajengwa juu, bomba likashuka bondeni mita 80, kisha likapanda upande wa pili mpaka kijijini. Mchoro ulisema pale bondeni lilazwe bomba la kubeba kilo 10. Alipokwenda kukagua alikuta mitaro imeshafukiwa. Akaomba ifukuliwe sehemu tatu. Mkandarasi akanung'unika, lakini ikafukuliwa. Bomba lililokuwa limelazwa ni la kilo sita.

Mnaona hesabu yake? Bonde la mita 80 linataka kubeba kilo nane kabla hata ya nyundo ya maji. Bomba la kilo sita haliwezi.

Alikataa kusaini cheti cha kukamilika kwa kazi. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimebaki wiki mbili tu Mwenge wa Uhuru ufike wilayani, na mradi huo ulikuwa kwenye orodha ya kuzinduliwa. Aliitwa. Alibembelezwa kwanza: “Mzee, tusaini tu, tutarekebisha baadaye.” Kisha akatishwa. Mwishowe akaulizwa swali ambalo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Aliulizwa: “Wewe ni nani hata ukatae?”

Akajibu: “Mimi ni mhandisi aliyesajiliwa. Kazi mmenipa ninyi, na mnaweza kuniondoa. Namba hamkunipa ninyi. Nikiweka muhuri huu kwenye uongo, nitaulizwa na walionipa.”

Ikatafutwa karatasi nyingine, ikasainiwa na mtu mwingine asiye na namba wala muhuri. Mwenge ukafika, koki ikafunguliwa, maji yakatoka, watu wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa Maji alikuwepo, amesimama nyuma. Katika wiki ya tatu, usiku, bomba likapasuka bondeni.

Nilimuuliza kwa nini usiku, na kwa nini siku ya uzinduzi maji yalitoka vizuri. Akanieleza kwa subira. Mchana, vilula vikiwa wazi, maji yanakimbia na presha inapungua. Usiku kijiji kizima kikifunga koki, maji yanasimama, na uzito wote wa mlima unakaa pale bondeni. Kwa hiyo bomba dhaifu linaweza kumdanganya mgeni rasmi anayefungua koki mchana. Haliwezi kuudanganya usiku.

Yeye alihamishwa, na kijiji kile kilirudi kwenye lambo la ng'ombe kwa muda mrefu. Alisema jambo moja lililonichoma: kwamba akina mama wa kijiji kile hawakumlaumu mkandarasi, wala aliyesaini ile karatasi, kwa sababu hawakuwajua. Walisema, “Mradi wa Serikali umeharibika,” wakachukua ndoo zao. Hakuna aliyekuwa na jina la kulitaja.

Ndugu msikilizaji, kisa hiki kilinirudisha nyumbani nikiwa na swali la yule kijana kichwani. Nikaanza kusoma kuhusu asili ya mambo haya ya kuwasajili wahandisi. Nikashangaa kukuta kwamba maji yamo tangu mwanzo.

Sheria ya kwanza ya kuwasajili wahandisi nchini Marekani ilipitishwa mwaka 1907 katika jimbo la Wyoming, ambalo ni jimbo kame. Watu walikuwa wanaomba haki ya kutumia maji ya mito kwa umwagiliaji, na kila ombi lilitakiwa liwe na ramani. Ofisi ya serikali ikawa inapokea ramani zilizochorwa na watu wa kila namna, wakiwemo wanasheria, wakijiandika kuwa ni wahandisi na wapima ardhi. Ikabidi jimbo liweke utaratibu wa kumtambua nani mhandisi na nani si mhandisi.

Miaka 21 baadaye, katika jimbo jingine kame la California, somo lilikuja kwa msiba. Mji wa Los Angeles ulikuwa umeletewa maji kutoka mbali na mtu mmoja maarufu, William Mulholland. Alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, hakuwa na shahada, alianza kazi akisafisha mfereji wa maji wa mji huo, akajisomea mwenyewe mpaka akawa mkuu wa idara. Mfereji mkuu alioujenga, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 370, ulifunguliwa mwaka 1913. Watu walimwona kama mtu asiyekosea. Baadaye akajenga bwawa la St. Francis. Wakati wa ujenzi kimo cha ukuta kiliongezwa, lakini kitako hakikupanuliwa kulingana na nyongeza hiyo. Tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona maji yanavuja. Mulholland mwenyewe akaenda, akakagua, akasema bwawa ni salama. Kabla ya usiku wa manane siku hiyo hiyo ukuta ulibomoka. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Mulholland hakumsukumia mtu mwingine lawama. Alisema kama kuna kosa, ni lake. Lakini waliochunguza kifo cha watu wale walisema jambo la maana zaidi ya kumlaumu: kwamba bwawa kubwa halipaswi kuachwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe na sifa gani, bila wengine wenye ujuzi kumkagua. Mwaka uliofuata, 1929, California ilipitisha sheria ya kusajili wahandisi wa ujenzi na sheria ya usalama wa mabwawa.

Tusiseme hayo ni ya Marekani na ya zamani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, jirani zetu wa Kenya walipata msiba huko Solai, karibu na Nakuru. Bwawa la shamba moja la mtu binafsi lilibomoka baada ya mvua kubwa, maji na tope vikafagia nyumba za watu waliokuwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Uchunguzi wa Seneti ya nchi hiyo ulionyesha kuwa mabwawa ya shamba hilo yalijengwa bila idhini inayotakiwa na sheria. Maji, ndugu msikilizaji, ni uhai yakiwa ndani ya bomba na ndoo. Yakitoka mahali yalipowekwa na mtu asiyejua hesabu, yanaua.

Sisi hapa Tanzania hatukuchelewa kuliona jambo hili. Sheria yetu ya kwanza ya usajili wa wahandisi ni Namba 49 ya mwaka 1968, wakati nchi ilikuwa na wahandisi wazalendo wa kuhesabika. Ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, ambayo ndiyo inayoiongoza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Chini ya sheria hiyo, anayemaliza chuo husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Akipata uzoefu wa kutosha chini ya usimamizi wa mhandisi mwenzake, na akathibitika, husajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Juu yake kuna mhandisi mshauri. Mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, ule anaoulalamikia kijana wetu. Kwenye Siku ya Wahandisi, wahandisi hula kiapo hadharani mbele ya viongozi wa nchi. Na Bodi ina mamlaka ya kumwonya mhandisi, kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye daftari lake.

Sasa tuseme ukweli wote, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kijana naye ana hoja. Wahitimu wengi wanahangaika kupata mahali pa kufanyia mafunzo. Wengine wanapokelewa, kisha wanaachwa wakipiga chapa barua na kutumwa chai, na mwisho wa mwezi wanasainiwa ripoti ambayo msimamizi hakuisoma. Miaka mitatu ya namna hiyo haimfundishi mtu chochote. Mzee wa Maji alimfundishika kwa sababu alikuwepo fundi aliyetembea naye bomba zima. Wazee wenye muhuri wasipotembea na vijana, mpango wowote utabaki kwenye makaratasi.

Na wapo pia wenye muhuri wanaouazima kwa fedha. Mtu hajafika hata siku moja kwenye mradi, lakini muhuri wake upo kwenye mchoro. Huyo ni hatari kuliko asiye na muhuri kabisa, kwa sababu asiye na muhuri unaweza kumtilia shaka, huyu umeshaambiwa umwamini. Usajili hauwezi kuwa hirizi ya kufukuza kosa. Kazi yake ni kulipa kosa mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tufike leo. Sisi waandishi wa habari nasi tunadaiwa vyeti. Mimi nina stashahada yangu ya uandishi wa habari, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa ithibati kwetu. Tulilalamika, na baadhi yetu bado tunalalamika. Lakini nikikosea jina la kiongozi jioni hii, kesho naomba radhi hapa hapa hewani, na mambo yanaendelea. Bomba haliombi radhi. Kosa la mhandisi hufukiwa ardhini mita moja chini ya udongo, likakaa kimya, likasubiri usiku.

Kwa sababu kosa lake limefukiwa, mwananchi hawezi kuliona. Mama wa Handeni anayepanga madumu yake saa kumi alfajiri hawezi kulifukua bomba akasoma kama ni la kilo sita au kilo 10. Hana kipimo wala mchoro, na hajaalikwa kwenye kikao. Alichonacho ni mtu mmoja tu aliyesimama badala yake, mwenye ujuzi wa kuona na haki ya kukataa. Mtu huyo akiwa anategemea mkubwa wake wa kazi kwa kila kitu, hawezi kukataa. Akiwa na namba ambayo mkubwa wake hawezi kumnyang'anya, anaweza. Namba ile ambayo kijana anadhani ni mzigo wake, kwa kweli ni mali ya yule mama.

Na jambo hili ni kubwa kwa wakati wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Serikali ilipohesabu vituo vya maji vijijini, ilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja havifanyi kazi. Sababu zilikuwa nyingi: vyanzo kukauka, fedha za matengenezo kukosekana, kamati za maji kulegea. Lakini mitaro mingine ilificha mabomba yasiyolingana na mchoro, na hayo hakuna kamati ya kijiji ingeweza kuyaponya. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ili kazi ya wataalamu wa maji iwe chini ya paa moja. Mwezi Juni 2022 ikasainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Handeni na Korogwe zimo katika miji hiyo. Mkopo huo utalipwa na sisi na watoto wetu. Bomba likidumu miaka 40, tutakuwa tumelipa deni la maji. Likipasuka baada ya miaka mitatu, tutakuwa tunalipa deni la mtaro mtupu.

Nifanye nini mimi mwananchi wa kawaida, utauliza. Mzee wa Maji alitoa ushauri ambao hauna gharama. Alisema kwenye kila mradi wa maji, wa mjini au wa kijijini, wananchi waulize maswali matatu kabla mitaro haijafukiwa. Kwanza: mhandisi aliyesajiliwa anayesimamia kazi hii anaitwa nani, na namba yake ni ipi? Pili: amefika hapa mara ngapi kwa miguu yake? Tatu: bomba limepimwa presha lini, na nani ameshuhudia? Kupima presha maana yake ni kulijaza bomba maji, kulifunga, kulibebesha uzito kuliko ule litakaoubeba siku zote, na kukaa kutazama kama linavuja, mitaro ikiwa bado wazi. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kushuhudia, na mwalimu mkuu anaweza kushuhudia. Haihitaji shahada kutazama saa ya presha na kuona kama mshale wake umesimama au unashuka.

Mimi naongeza la nne, kwa wakubwa wa wilaya na mikoa. Jina la mhandisi na namba yake viandikwe kwenye kibao cha mradi, kwa herufi kubwa kama zile za jina la mgeni rasmi. Jiwe la uzinduzi linatuambia nani alikata utepe. Halituambii nani aliyepiga hesabu. Na mhandisi akikataa kusaini, asiulizwe yeye ni nani. Aulizwe ameona nini. Wapo viongozi wa mbio za Mwenge waliowahi kukataa kuzindua miradi mibovu mbele ya umati, na wananchi wakawapigia makofi. Kama Mwenge unaweza kukataa, kwa nini mhandisi akikataa ahamishwe?

Turudi Old Korogwe kabla sijawaaga. Chai iliisha, watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza mjomba wake swali la mwisho.

“Mjomba, ulipohamishwa, hukujuta?”

Mzee akasema, “Nilijuta kwamba niliomba kufukuliwa sehemu tatu tu. Ningeomba kumi, labda mkandarasi angeona kazi ya kufukia tena ni kubwa kuliko kubadilisha bomba.”

Kijana akatoa daftari lake mfukoni, akaandika. Sijui aliandika nini. Lakini niliona kwamba hakuuliza tena habari ya ada.

Ndugu msikilizaji, ukipita Korogwe safari ijayo, basi likisimama zile dakika 20, nunua maji yako ya chupa, si vibaya. Lakini utazame mto, kisha utazame upande wa Handeni. Na ukifika kwenu, mtaro wa bomba ukiwa bado wazi, simama hapo uulize: hili limesainiwa na nani?

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo wakati kama huu.